Presha haipigi hodi

Baba mdogo alipofariki kwa kiharusi, nilikuta pakiti ya vidonge vya presha kwenye droo ya kitanda chake. Alikuwa amemeza vinne tu. Aliacha kwa sababu alijisikia mzima. Msibani watu walisema siku yake imefika. Nilinyamaza, lakini sikukubali, na hadi leo sikubali.

Presha haiumi wala haina homa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na karibu nusu yao hawakujijua. Mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi kikiwemo, yaliua watu wapatao milioni 17.9. Wengi wao wangeishi zaidi kama wangepimwa mapema na kutumia dawa ambazo zipo miaka mingi.

Sasa tazama watoto. Mwaka 1990, zaidi ya milioni 12 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9. Bado ni wengi mno, lakini idadi imeshuka kwa zaidi ya nusu, na si kwamba wazazi wa zamani hawakuwapenda watoto wao. Chanjo, vyandarua na dawa ya kutibu kuharisha viliwafuata watu walipo. Mtoto akikosa chanjo, kadi yake inasema, na mhudumu mzuri wa afya anamtafuta mpaka nyumbani.

Mtu mzima anatafutwa na nani? Tunamlaumu kwamba ni mzembe, basi.

Kupima presha ni dakika chache. Mkanda unabana mkono, unaachia, namba mbili zinatokea. Ya juu ikifika 140 au ya chini 90, na ukirudia siku nyingine ikawa vilevile, hiyo ni presha. Kila mtu mzima anayeingia kituo cha afya apimwe, hata kama amemsindikiza mgonjwa. Akipewa dawa, apewe za kutosha miezi kadhaa, na awepo mtu wa kumfuatilia.

Simu ya baba mdogo ilikuwa mfukoni kila siku. Kliniki haikumpigia kumuuliza vidonge vimefikia wapi. Mimi pia sikumuuliza.