Siku za Mgomo na Namna Unavyokoma

Msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, bandari ya Mtwara, maghala na viwanda vya ubanguaji hutegemeana kiasi kwamba kazi ikisimama mahali pamoja, kila mmoja huuliza itasimama siku ngapi. Wanatakwimu wamelishughulikia swali hilo kwa muda mrefu. Tony Lancaster alichambua migomo ya Uingereza mwaka 1972, na mwaka 1985 John Kennan, akitumia migomo ya viwanda vya Marekani ya 1968 hadi 1976, alionyesha kwamba migomo hurefuka uzalishaji unapodorora.

Njia yao ni kukadiria, kwa mfano, uwezekano wa mgomo uliofika siku ya kumi kumalizika siku ya kumi na moja. Kadirio la aina hiyo lina manufaa ya kweli: chama cha wafanyakazi hupima akiba yake, mwajiri hupima hasara yake, na msuluhishi hujua wakati wa kuwaita mezani.

Hata hivyo, takwimu zikionyesha kwamba uwezekano huo hupungua kadiri siku zinavyopita, tusikimbilie kusema kwamba muda ndio unaoshupaza watu. Mbanguaji akianza na korosho zinazopasuka upesi, zinazobaki kikapuni hazikugeuka ngumu kwa kukaa humo; zilikuwa ngumu tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa migomo: myepesi hutangulia kwisha, na tunabaki tukiihesabu mizito.

Linalonitia shaka zaidi ni namna migomo yetu inavyokoma. Mgomo wa walimu wa nchi nzima, ulioanza 30 Julai 2012, ulisitishwa na mahakama baada ya siku chache. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waligomea bei za mnada; haukuwa mgomo wa wafanyakazi, lakini ulikuwa mvutano wa aina hiyohiyo, nao ulikoma Novemba Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Katika matukio yote mawili pande husika hazikufikia mwafaka zenyewe, kwa hiyo kuzihesabu siku hizo pamoja na za migomo iliyomalizwa kwa makubaliano ni kuchanganya mambo mawili yenye sababu tofauti.

Kwa maoni yangu modeli, yaani hesabu ya makadirio ya aina hiyo, itufae, ila ikadirie muda wa kufikia makubaliano mbali na muda wa kuingiliwa na dola, na kila mgomo wa Mtwara na Lindi uandikwe pamoja na aliyeumaliza.