Vijiti tisa hadi Nungwi

Mpwa wangu alinunua Nissan Leaf iliyotumika, ya Japani, na siku ya tatu tu akaipeleka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwa shemeji yake. Mbele ya usukani maandishi yote ni ya Kijapani, nyumbani hakuna anayeyajua. Lakini upande wa kulia pana safu mbili za vijiti vidogo, na hivyo havihitaji mkalimani. Safu moja ni ya chaji. Ya pili, nyembamba zaidi, ni ya uzima wa betri. Gari ikiwa mpya, safu ya pili ina vijiti 12. Yake ilikuwa na tisa, na aliyemuuzia alimwambia, "Hivyo ukichaji vitarudi." Havirudi. Kijiti cha uzima kikishazimika ndiyo basi.

Nungwi alifika salama, kiyoyozi kikivuma, kisha akagundua kwamba kilichobaki hakimfikishi mjini. Ukapitishwa waya dirishani, gari ikakaa tangu adhuhuri mpaka alasiri ikapita, na shemeji anaziangalia uniti zake za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zikishuka. Ziliondoka kama nane. Shemeji hakusema kitu, ila chai ilichelewa. Tangu siku hiyo kila nikisema mtaani kwamba gari za umeme zina nafasi Zanzibar pengine kuliko mahali pengine popote Tanzania, najibiwa kwa kicheko: "Kama ile ya Nungwi?"

Nami naona kisa kile kile kinanitetea. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kiasi cha kilomita 60. Ile gari ni ya toleo la mwanzo, betri yake ilipokuwa mpya ilibeba kilowati-saa 24, yaani uniti 24, na sasa robo yake na zaidi imeshakufa. Hata hivyo ilikaribia kwenda na kurudi katika moja ya safari ndefu kabisa tulizonazo Unguja. Leaf ya toleo la pili, yenye betri ya kilowati-saa 40, ingekwenda Nungwi na kurudi, na kesho yake asubuhi ikaenda Paje bila kuchomekwa popote. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 85 au hivyo. Pemba, kutoka Mkoani hadi Konde hata 80 hazifiki, na vile vilima vinavyowatesa wenye injini kuukuu haviitesi hivyo gari ya umeme, kwa kuwa ikiteremka mota yake huzalisha umeme na kurudisha kwenye betri sehemu ya ulioliwa na mpando. Hofu ya kuishiwa njiani ni ya wenzetu wa bara, wenye zaidi ya kilomita 800 kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Sisi hatuna Mbeya.

Wanaopinga wana hoja nzito kuliko ya Nungwi, nayo ni hii: umeme wenyewe uko wapi? Unguja inategemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba. Wa kwanza, wa mwaka 1980, ulikuwa wa megawati 45. Wa pili, uliozinduliwa 2013 kwa fedha za Marekani, ni wa megawati 100. Pemba ina wake kutoka Tanga, wa 2010, wa megawati 20. Na aliyekuwapo hapa mwaka 2008 anakumbuka mwezi mzima wa giza, kisha tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu ya jenereta, vibatari na maji ya kuteka. Mzee mmoja wa Mwembeladu aliniuliza: ile miezi mitatu, ungekwenda na gari gani kumpeleka mgonjwa Mnazi Mmoja? Sina jibu la kumnyamazisha. Naweza kusema kwamba na pampu za sheli huendeshwa kwa umeme, na kwamba petroli nayo huvuka bahari hiyo hiyo kwa meli. Lakini mafuta unaweza kuyaweka kwenye dumu, umeme huwezi. Hoja yake imesimama, na ndiyo sababu simfuati anayetaka tuifuate Ethiopia, ambayo Januari 2024 ilipiga marufuku kuingiza gari binafsi za petroli na dizeli. Wao wana mabwawa yao ndani ya nchi. Sisi bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye megawati 2,115, liko ng'ambo ya maji.

Kuna lakini hesabu moja ambayo naona watu wanaikosea kila siku, na naomba niikalie kidogo. Husemwa kwamba gari za umeme zitaumaliza waya wa Fumba. Tuchukue gari ndogo elfu kumi, namba ya mfano tu. Kila moja ikichomekwa kwenye soketi ya kawaida inavuta kama kilowati tatu. Zote zikichomekwa kwa pamoja saa moja usiku, watu wamerudi kutoka makazini, majiko yamewashwa, viyoyozi vya hoteli za Nungwi na Kiwengwa vinafanya kazi, hizo ni megawati 30. Ni karibu theluthi ya waya wote. Hapo mpinzani ana haki ya kushika kichwa.

Lakini gari haili umeme kwa kuchomekwa tu, inakula ilichotumia. Gari ya mtu wa mjini inayokwenda kilomita 40 kwa siku, na hapa wengi hawafiki huko, inatumia kilowati-saa sita. Elfu kumi ni megawati-saa 60. Zigawe kwa saa nane, kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, wakati mji umelala, unapata megawati saba na nusu. Gari ni zile zile, safari zile zile, waya ule ule. Baina ya 30 na saba na nusu hakuna mtambo mpya, kuna saa ya ukutani tu. Kwa hiyo swali la kuwauliza ZECO, shirika letu la umeme, na ZURA, wasimamizi wa huduma hizo, kabla ya kuuliza umeme utatoka wapi, ni kama uniti ya saa nane usiku itauzwa rahisi kuliko ya saa moja. Ikiwa bei ni moja, kila mtu atachomeka akishateremka garini, kama anavyotia simu chaji, na yule mpinzani atakuwa amesema kweli.

Paneli za jua zitasaidia, lakini jua linawaka mchana gari ziko kazini. Litawafaa zaidi wenye gari zinazolala mchana, na hizo ni chache. Hoteli pengine: gari ya kupokea wageni uwanja wa ndege inaweza kukaa juani saa nne nzima inangoja ndege.

Mambo mengine yanayotajwa sana nayapita haraka. Moto wa betri upo, ni nadra, lakini ukianza kuuzima ni kazi kubwa, na sitamshauri mtu achaji kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe chini ya roshani ya mbao. Chumvi ya bahari inakula kila gari. Mafundi wa injini watapungukiwa na kazi, lakini si kesho wala keshokutwa.

Linalonisumbua zaidi ni joto. Leaf za matoleo haya mawili hazina mfumo wa maji wa kuipoza betri, inapozwa na upepo wa Mungu. Mwaka 2012 wenye gari hizo katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba vijiti vinazimika mapema mno. Joto letu si kali kama lile, ila halina msimu wa baridi wa kuipumzisha. Tukiingiza gari zilizochoshwa Japani kisha tukazimalizia hapa, katika miaka michache tutakuwa na betri za kilo mia mbili na zaidi kila moja na hatujui pa kuzipeleka, na jaa la Kibele halikuwekwa kwa ajili hiyo. Hapo tena fundi mwenye akili ataona riziki: betri ya Leaf hiyo ya mwanzo ina moduli 48, bapa kama bati za biskuti, na zikichoka kuendesha gari bado zinaweza kuwasha taa za nyumba usiku. Lakini lazima afundishwe, kwa sababu umeme wa mle ndani unaua.

Kwa hiyo ningeanza na bajaji na pikipiki, gari binafsi zije baadaye. Kigali tangu Januari 2025 haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria, na ule mji ni vilima vitupu. Dereva wetu wa bajaji anaijua gharama yake kwa siku: hesabu ya tajiri, mafuta, kinachobaki ndicho chakula. Mafuta yakipungua kwenye hesabu hiyo, atakuwa wa kwanza kuhama bila kuhubiriwa. Kinachomzuia ni saa za kusubiri chaji, maana bajaji iliyosimama Darajani haileti hesabu, na mtaji wa kuanzia. La kwanza linatibika kwa vituo vya kubadilisha betri, unatoa tupu unachukua iliyojaa. La pili ni kazi ya benki, na murabaha, yaani benki inunue chombo kisha ikuuzie kwa faida iliyotajwa, si neno geni hapa.

Aliye ghorofa ya tano Michenzani sijui nimwambie nini. Waya wa kuchajia haushuki ghorofa tano, na ukishuka watoto wataubembea. Serikali nayo ina lake: tozo ya barabara imo ndani ya bei ya lita, na asiyenunua lita anapita barabara ile ile bure. Siku gari hizi zikiwa nyingi atatafutwa tu, bora aambiwe mapema atalipaje kuliko kushtukizwa.

Na pale bandarini pawepo mtu wa kukagua betri, kama zinavyokaguliwa injini na breki. Ni kidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu, dakika tano. Mpwa wangu amekinunua baada ya Nungwi. Gari yake sasa anaichomeka saa sita usiku, na kwa shemeji anakwenda na uniti kumi alizonunua mwenyewe, anaziingiza kwenye mita kabla hajavua viatu. Chai haichelewi tena.