Paswedi ya nyumbani kwangu, na mie naiomba

Jamani hivi wageni wenu nyie siku hizi wakifika wanasalimia? Maana wa kwangu mie wakishuka boti ya Pemba, begi liko mlangoni, viatu hata hawajavua, suala la kwanza "mjomba, paswedi ya waifai nini?" Mkemjomba yuko jikoni tangu alfajiri anapika, hata hali hajaulizwa.

Na paswedi yenyewe mie siijui. Ruta kaiweka mtoto wa dada yangu, kaandika anachokijua mwenyewe, kaunganisha simu zetu moja moja na laptopu yangu, kisha huyoo kenda zake Maskati kutafuta maisha. Ukimpigia yuko kazini, ukimtumia meseji anakujibu usiku wa manane, "mjomba tizama kwenye laptopu, imo humo". Humo wapi yakhe? Laptopu inaingia intaneti kila siku bila ya kuuliza mtu, maana yake inaijua, lakini mie mwenye nyumba, ninaelipa kila mwezi, nikitaka kuiona nakuta vidoto vidoto tu.

Nikalitoa barazani Jang'ombe kwenye kahawa, wallahi bora ningenyamaza. Kila mmoja fundi. Mmoja ananambia chukua sindano bonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta, na anasema kwa uhakika huyo, kumbe ukikibonyeza ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani na mipangilio yote inafutika, sa hapo hata hizo simu zilokuwa zikishika ndo basi tena. Mwengine ana programu ya kushusha mtandaoni inazitoa paswedi zote kwa mpigo, zipo kweli hizo, ila antivirasi ikiziona tu inapiga kelele na mie laptopu ile ndo yenye hesabu za duka, siichezei. Nikenda kwa fundi Darajani akataka elfu ishirini. Ishirini! Ya kunisomea kitu changu mwenyewe!

Alienitoa ni binti yangu, yuko fomu tuu, tena hakunyanyuka hata kwenye mkeka. Kaandika cmd pale chini pa kutafutia pa Windows, likatoka dirisha jeusi kama la mahaka kwenye sinema, akaandika netsh wlan show profiles, enta.

Hapo ndo balaa lilipoanza. Kumbe laptopu haisahau! Kila waifai ulowahi kushika tangu uinunue na ukaiwacha ijihifadhi, jina lake limo, limejipanga. Ya ofisi ya zamani imo. Ya jirani yangu hapa ukuta kwa ukuta, alieniapia kuwa hampi mtu paswedi yake hata mama yake, imo (mwanawe ndo alonipa, tuyawache hayo). Na mkewangu kasimama nyuma na mwiko wake, kimyaa, anasoma.

"Na hii gesti ya Dar ni ipi?"

Nikamwambia ile safari ya kufata mzigo Kariakoo. "Mzigo ukalala gesti?" Mbele ya wageni! Mtu unatafuta paswedi unaishia kizimbani.

Binti akaendelea, netsh wlan show profile name= kisha jina la waifai yetu kwenye alama za kunukuu, vile vile lilivyo. Yakatoka maneno mengi ya kizungu, penye ufunguo imeandika Present tu. Yaani upo. Sasa nikuulize kuwa upo? Nami si najua upo! Kama bi mkubwa aliefungia sukari kabatini, ukimuuliza anakwambia sukari ipo, na chai unakunywa kavu. Binti akacheka, akairudia ile ile mwisho akaongeza key=clear, basi neno hilo tu ndo linaifungua mdomo. Kashuka chini mpaka palipoandikwa Key Content, na mbele yake, kwa herufi ndogo, bila ya nafasi:

mjombabahili

Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Mie niliemsomesha yule! Niliemkatia tiketi ya Maskati! Na miaka yote hii watu wanaingia intaneti nyumbani kwangu kwa matusi yangu.

Nikasema ibadilishwe sasa hivi. Binti akanambia sawa baba, ila ukiibadilisha kila simu itaingizwa upya, na TV, na laptopu, na tableti ya bibi, na bibi yake akikosa mawaidha yake ya usiku nyumba hailaliki. Nikaiwacha. Sa kila mgeni akija nakaa namtajia herufi moja moja, m, j, o, m, b, a, naye anaandika huku anajizuia kucheka.

Jana magharibi nasikia hodi, jirani yule yule. Ruta yake imekufa, anaomba paswedi yetu siku mbili tu mpaka fundi aje. Nikamwambia wallahi siijui, muulize mpwa wangu Maskati.