Mapaja Ndiyo ya Mwisho Kupungua, na Ipo Sababu

Nimechoka na ahadi ya mapaja membamba ndani ya wiki mbili. Ukifungua simu unakutana nayo: dada amelala ubavu kwenye mkeka, anainua mguu na kuushusha, na maandishi yanasema ukifanya hivyo kila asubuhi mafuta ya ndani ya paja yatayeyuka. Hayayeyuki. Na wanaoumizwa na ahadi hiyo si wavivu. Ni watu wenye bidii kabisa, wanaoinua miguu mpaka kushuka ngazi kunakuwa taabu, kisha mwezi ukiisha wanazungusha futi kwenye paja, wanakuta namba ni ileile, wanaacha mazoezi yote. Hapo ndipo panaponiuma. Uongo kuhusu paja unamnyima mtu moyo imara, usingizi mzuri na magoti yenye nguvu, vitu ambavyo alikuwa ameshaanza kuvipata.

Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya paja si chakula cha msuli wa paja. Msuli ukifanya kazi hutumia nishati iliyomo ndani yake pamoja na ile inayoletwa na damu, na damu hubeba mafuta yaliyoachiliwa kutoka pande zote za mwili. Anayeamuru yaachiliwe ni homoni, kama vile adrenalini, na homoni hiyo huzunguka mwili mzima bila kujali kama leo umechuchumaa au umepiga pushapu.

Hili limepimwa zamani. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwachunguza wachezaji wa tenisi, watu wanaotumia mkono mmoja kuliko mwingine kwa miaka mingi. Mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini tabaka la mafuta chini ya ngozi halikutofautiana na la mkono wa pili. Jaribio linalonigusa zaidi lilifanyika Chile na kuchapishwa mwaka 2013. Watu 11 walifanyisha kazi mguu mmoja tu, mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, na kila kipindi walisukuma uzito kwa marudio kati ya 960 na 1,200. Hebu fikiria mateso hayo! Mafuta yalipungua kweli, lakini yalipungua kwenye kiwiliwili na mikono. Mguu uliosulubiwa na mguu uliopumzishwa haikutofautiana. Anayekuuzia programu ya kuinua mguu mara thelathini ana deni la kukueleza marudio yake yana nini ambacho yale 1,200 hayakuwa nacho.

Kwa wanawake wengi kuna jambo la ziada. Estrojeni, homoni ya kike, huelekeza akiba ya mafuta kwenye nyonga, makalio na mapaja, ndiyo maana umbo hubadilika wakati wa kubalehe, na ndiyo maana baada ya kukoma hedhi mafuta huanza kuhamia tumboni. Seli za mafuta za mapajani zina vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea amri za homoni, vingi zaidi vya aina inayozuia mafuta yasitoke, hata adrenalini ikiita. Wakati wa kunyonyesha hali hulegea, na mafuta ya hapo huachiliwa kwa urahisi zaidi. Mwili unaonekana kuitunza akiba hiyo kwa kazi yake maalumu. Kwa hiyo mwanamke anayepungua uzito akaona uso umechongoka, matiti yamesinyaa, kiuno kimeingia ndani, na mapaja bado yako vilevile, hajakosea kitu. Mwili wake unafuata foleni yake, na mapaja yako nyuma ya foleni.

Nami nadhani tumekuwa tukilitazama paja kwa jicho baya bila sababu. Daktari Mfaransa Jean Vague, katika maandiko yake ya 1947 na 1956, alitenganisha unene unaokaa sehemu ya juu ya mwili na ule unaokaa chini, akaonyesha kwamba wa juu ndio unaoandamana na kisukari na magonjwa ya mishipa. Tafiti zilizofuata zimeendelea kumuunga mkono. Mafuta yaliyojificha tumboni, katikati ya matumbo, humwaga shehena yake kwenye mshipa unaoelekea moja kwa moja kwenye ini. Mafuta ya mapaja hukaa kimya, huyashika mafuta ya ziada yasiende kujazana kwenye ini na misuli. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 2,800 kwa miaka kumi na zaidi: wenye mapaja membamba, chini ya sentimita 60 hivi za mzunguko, ndio walioelemewa zaidi na magonjwa ya moyo na vifo vya mapema, hata baada ya kuzingatia uvutaji sigara na unene wa mwili. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba wembamba wa paja ndio uliowaua, na sitaki mtu aifanye 60 kuwa lengo. Lakini unatosha kunifanya nisimpongeze mtu kwa sababu tu mapaja yake hayagusani.

Na hilo la mapaja kutogusana, tafadhali, liondoeni kabisa kwenye orodha ya malengo. Nafasi kati ya mapaja huamuliwa na upana wa nyonga na jinsi mfupa wa paja unavyoingia kwenye nyonga. Wapo wasichana wembamba kupita kiasi ambao mapaja yao yanagusana, na wapo wanene ambao hayagusani. Mazoezi hayasogezi mifupa. Ikiwa tatizo lako ni msuguano na michubuko unapotembea, basi taiti au bukta ya kubana inayofika karibu na goti, au mafuta mazito ya kupaka, vitakuondolea kero leo leo, kabla hujapunguza hata gramu moja.

Sasa kwa mwenye uzito uliozidi na anayetaka kupungua, mapaja yakiwemo. Njia ipo, ila ni ya mwili mzima. Chakula ndicho kinachoamua sehemu kubwa: kula pungufu kidogo ya unachotumia, siku baada ya siku, kwa kiasi ambacho unaweza kuishi nacho bila kulia. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki ya kwanza mizani hushuka haraka kwa sababu kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa mwilini hukaa na takribani gramu tatu za maji, na vyote huondoka pamoja. Maji hayo ndiyo mtaji wa wauza mikanda ya jasho na plastiki za kufunga mapajani. Unavua plastiki, unajipima, umepungua; unakunywa maji, uzito umerudi. Jasho halibebi mafuta. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu ya kilo kumi za mafuta zikishachomwa zinaenda wapi: kilo 8.4 hutoka kama hewa ya ukaa kupitia mapafu, na 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Nikimwona mtu amejifunga plastiki chini ya jua natamani kumwambia avue, apumue vizuri, atembee kwa kasi.

Kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, baiskeli, kuogelea, chochote utakachokirudia wiki ijayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Watu huiruka sehemu hiyo ya pili, na wanaotaka kupunguza mapaja huiruka makusudi, wakiogopa kwamba kuchuchumaa na uzito kutayanenepesha. Naipinga hofu hii kwa nguvu zote. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko kwenye makalio na mapaja. Ukipunguza chakula bila kuifanyisha kazi, sehemu ya uzito unaopotea itakuwa misuli hiyo, na utabaki na paja dogo kidogo lakini legevu, na mwili unaotumia nishati kidogo kuliko mwanzo. Ukichuchumaa, ukapanda boksi, ukanyanyua uzito kutoka sakafuni, unauambia mwili kwamba misuli hii bado inahitajika. Wiki za mwanzo paja linaweza kuvimba kidogo kwa maji ya misuli iliyoshtuka. Hali hiyo hupita. Kujenga misuli minene ni kazi ya miaka na chakula kingi, haimjii mtu kwa bahati mbaya, tena akiwa anapunguza mlo.

Kuna kundi moja ambalo nalionea huruma sana kwa lawama linazobeba. Baadhi ya wanawake hupungua kote, lakini miguu inabaki minene pande zote mbili kwa usawa, inauma ikiguswa, inapata alama za damu kuvilia kwa kugongwa kidogo tu, na unene unakomea kwenye kifundo huku nyayo zikibaki za kawaida. Huo unaweza kuwa ugonjwa unaoitwa lipidema, ambao madaktari wa Marekani waliueleza mwaka 1940, na mpaka leo wengi wanaougua huambiwa tu wapunguze kula. Mwenye dalili hizo amwone daktari, ataje jina la ugonjwa huo mwenyewe ikibidi, na asikubali kurudishwa nyumbani na karatasi ya mlo.

Kwa wengine wote, ombi langu ni kuhamisha futi. Izungushe kiunoni badala ya pajani. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wako, uko pazuri kiafya, na hicho ndicho kipimo cha kuangalia mara moja kwa mwezi. Ukitaka kulijua paja, lijue kwa uwezo wake: leo unainuka kitini bila kushika mkono wa kiti, mwezi ujao unapanda ghorofa ya tatu ukiwa unaongea. Na yupo ambaye tayari kiuno chake kiko salama, damu yake imepimwa iko sawa, anakula vizuri, ila kila jioni anajibana mapaja mbele ya kioo na kujinyima chakula cha usiku ili yapungue. Huyo namwambia ale chakula chake cha usiku, na kesho aongeze uzito kwenye vyuma.