Gereji si adhabu ya mtoto aliyefeli

"Usiposoma, nitakupeleka gereji." Maneno hayo niliyasikia nikiwa mdogo Newala, na hapa Mtwara mjini bado nayasikia kila matokeo ya mitihani yanapotoka. Mzazi anamtishia mtoto spana kama wengine wanavyotishia fimbo. Binti yangu ana miaka 13 na darasani anafanya vizuri. Hata hivyo, kila Jumamosi tangu msimu wa korosho uliopita tunavaa nguo za kazi, yeye na mimi mama yake, tunakwenda gereji. Tunafufua Land Rover 109 iliyokuwa imelala chini ya mkorosho kwa miaka, matairi yamezama mchangani na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Niliinunua kwa fedha za korosho.

Wengi wameniuliza kwa nini nisimwachie mjomba wake. Huku kwetu mjomba ana neno zito juu ya mtoto, na huyu wake anayajua magari vizuri. Lakini mimi siyajui, na hiyo ndiyo sababu nimetaka kuwepo mwenyewe. Nyumbani mtoto ananiona najua kila kitu: nakagua madaftari yake, namwelekeza jikoni, namrekebisha anapokosea. Gereji ananiona nauliza, naelekezwa, nakosea, narudia. Sijui ni wapi kwingine angeweza kuona mtu mzima anavyojifunza kitu kuanzia sifuri.

Nati ya kwanza ilitumalizia Jumamosi nzima. Nilikuwa nimenunua seti ya spana dukani, nzuri, zinang'aa. Namba 13 ilielekea kukaa. Nikavuta, ikateleza, nikavuta tena, kona za nati zikaanza kulika. Fundi wetu, mzee ambaye binti anamwita babu, akaninyang'anya spana taratibu. "Mama, hili gari la Mwingereza. Linataka spana za inchi." Akatoa spana nyeusi ya zamani imeandikwa 1/2, ikakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Binti akaomba kalamu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu yake ni 12.7. Namba 13 inazidi kwa milimita 0.3, na pengo hilo dogo ndilo lililokuwa linakula kona za nati. Kisha akapanga spana zote za babu chini kwa ukubwa: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8. Zile sehemu za hesabu zilizomliza darasa la tano alizipanga kwa mkono bila kukosea, kwa sababu sasa 7/16 ilikuwa na uzito na ilikuwa na kazi. Anayesema gereji inamwondoa mtoto kwenye masomo nampa mfano wa siku ile.

Somo lililonigusa zaidi lilikuwa la kutu. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari, bati la nyumba linaisha upesi, geti linaisha upesi. Binti akauliza, "Babu, mbona bodi haina kutu?" Akaambiwa ni alumini. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndipo bodi ikaundwa kwa alumini. Desturi hiyo iliendelea hadi toleo la tatu kama letu, lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Lakini chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma. "Sasa ingia chini na kinyundo, mjukuu wangu, ugonge usikilize." Palipo pazima palilia kama kengele. Palipooza palitoa sauti ya boga, na nyuma karibu na bampa kinyundo kilitoboa kikaingia ndani. Hata alumini haikupona: kila bolti ya chuma ilipoigusa palikuwa na unga mweupe, maana metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, moja humla mwenzake. Kwa hapa pwani ningemshauri mtu akague chasisi kabla ya kutoa hata shilingi. Mimi sikukagua, na gharama ya kuchomelea naijua.

Kabla ya kuingia chini, gari lilikalishwa juu ya stendi za chuma. Hapa sina masihara. Jeki ni ya kuinulia tu, haifai kumlindia mtu, na tofali linapasuka bila taarifa. Kuoshea vyuma tunatumia mafuta ya taa, petroli hapana. Vumbi la breki za zamani halipulizwi kwa mdomo, kwa kuwa breki shuu za enzi zile nyingi zilikuwa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu; tunalilowanisha na kulifuta kwa kitambaa. Mzazi asiyeweza kusimamia mambo haya aanze na kabureta bovu juu ya meza, au pikipiki iliyokufa. Atajifunza vilevile.

Rangi iwe ya mwisho. Najua hamu ilivyo, mtoto anataka kuona gari linang'aa, na mzazi anataka jirani aone kitu. Lakini gari lililopigwa rangi halina breki ni hatari iliyopambwa.

Mwezi uliopita tulijaribu kuwasha injini. Ikakohoa, ikarudisha moto kwenye kabureta kwa mlio ulionirusha nyuma. Babu akazima kila kitu, akachomoa betri, akakaa kwenye ndoo bila kusema. Nilitaka atuambie kosa liko wapi. Hakusema. Binti akafungua simu yangu, akatafuta picha alizopiga kabla hatujafungua chochote (tabia aliyoianza mwenyewe, pamoja na kuweka bolti kwenye makopo ya maziwa yaliyoandikwa), akalinganisha nyaya za plagi. Silinda nne za injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Mimi nilikuwa nimezipanga moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anavyohesabu maembe sokoni. "Mama, hizi mbili za katikati na hii ya mwisho ziko siko." Akazibadilisha. Injini ikashika.

Iliunguruma dakika mbili hivi, moshi umejaa uwanja, vijana wa gereji wamesimama wanapiga makofi. Babu alimpa binti mkono kama anavyompa fundi mwenzake.

Gari bado halijaingia barabarani. Silinda za breki za nyuma zinavuja na tunasubiri spea. Mpangilio wa 1-3-4-2 umeandikwa kwa chaki ukutani, mwandiko wake, na skrubu za ngoma za breki za nyuma tumeshazimwagia dizeli zilainike hadi Jumamosi.