Moto wa Jaa si Moto wa Tanuri

Ukitaja kuchoma taka mbele ya watu wa Mombasa, wengi huona jaa la Mwakirunge: moshi mweusi mzito, vijana wamewasha magurudumu makuukuu wapate waya wa ndani wakauze kwenye mizani ya vyuma chakavu. Wengine hukumbuka Kibarani kabla jaa lile halijafungwa, abiria wakivuka Makupa wamejifunika pua. Kwa hivyo wakisikia kwamba matanuri ya saruji yanaweza kulishwa taka badala ya makaa ya mawe, jibu liko mdomoni tayari: moshi tuliouvuta watutosha. Nawaelewa. Ila nadhani wanachanganya mioto miwili isiyo na undugu.

Moto wa jaa hufukuta. Joto ni dogo, hewa haitoshi, plastiki huungua nusu nusu, na humo ndimo dioksini, sumu kali ya moshi, huzaliwa. Tanuri la saruji ni jambo jingine. Ili chokaa na udongo vigeuke klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, lazima vifikie nyuzi kama 1,450 za selsiasi, na ulimi wenyewe wa moto hukaribia 2,000. Ulaya, wachomaji taka hutakiwa wauweke moshi kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2. Taka hatari zenye klorini nyingi, nyuzi 1,100. Nambari hizi hazinitoki kichwani. Si kwa ukubwa wake, bali kwa sababu mwenye kichomeo cha kawaida anaweza kupunguza moto usiku aokoe mafuta, na asijue mtu. Mwenye tanuri akijaribu hila hiyo, asubuhi hana klinka ya kuuza.

Wala hakuna majivu ya kutafutiwa shimo. Huingia ndani ya klinka. Hata ule waya unaogombaniwa jaani huyeyukia humo, maana klinka yahitaji chuma hata hivyo. Kilo ya gurudumu hutoa joto kama la kilo ya makaa ya mawe, pengine zaidi, na makaa hayo twayaagiza ng'ambo kwa dola. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954, kimeshawahi kuchanganya makapi ya mpunga na magurudumu katika moto wake.

Sasa wapinzani. Hoja yao nzito inaitwa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda wa hapa Mombasa. Pale watu walipata sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Aliyezika mtoto hatatulizwa na hesabu ya nyuzi joto. Tena, kwa kiasi, sayansi iko upande wake: moto mkali huvunja dioksini, lakini metali hauivunji. Risasi nyingi hubaki ndani ya klinka; zebaki hugeuka mvuke ikapanda na moshi. Betri au taa ya mrija ikijipenyeza katika mzigo, sifa zote za tanuri hazisaidii kitu.

Mimi kinachonitia shaka zaidi ni maji. Tazama pipa la nyumba yoyote Kisauni: makumbi ya madafu, maganda ya ndizi, sima iliyolala. Hayo si kuni. Moto utatumia nguvu kuyakausha kabla haujapata faida. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 yataka taka zitenganishwe nyumbani, lakini utatenganisha vipi ikiwa lori likija hubeba vyote pamoja? Mabaki ya jikoni yafaa yawe mbolea. Chupa ngumu tayari zina wenyewe, waokotaji wanaozipima kwa kilo, na kiwanda kikizichukua kitakuwa kimepokonya mtu chakula. Tanuri lipewe kile ambacho mizani hukikataa: pakiti laini za biskuti, vitambaa vilivyooza, ndara zinazotupwa ufuoni na mawimbi.

Na ningetaka vipimo vya bomba la moshi vibandikwe kila wiki kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, kwa Kiswahili, mstari wa kwanza ukiwa wa zebaki.