Doti tatu za kanga na kitanda juu ya magogo

Mimba yangu ya pili ilipofika wiki ya 34, mkunga wa hapa Amersfoort alikuja nyumbani, akapanda zile ngazi za Kiholanzi zilizosimama kama za kupandia mnazi, akaingia chumbani na kutoa futi ya kupimia. Hakupima tumbo. Alipima kitanda. Sentimita 52. Akatikisa kichwa, akasema kinatakiwa kisipungue 70, kwa hiyo nikaazime magogo. Kiholanzi changu wakati huo kilikuwa kizuri tu, maneno yote niliyasikia, ila sikumwelewa hata kidogo.

Kumbe ndivyo ilivyo. Uholanzi nzima, mwanamke akikaribia kujifungua, kitanda chake kinainuliwa. Unakwenda duka la vifaa vya wagonjwa, unaazima magogo manne ya kuweka chini ya miguu ya kitanda, na ukitaka unaazima na chombo cha kujisaidia ukiwa umelala. Sababu ni mgongo wa mhudumu: atakuja kukuhudumia siku kadhaa, hawezi kuinama siku nzima. Na hata ukiwa umepanga kuzalia hospitali, magogo ni lazima, kwa kuwa mambo yakienda sawa utarudishwa nyumbani saa chache baada ya kujifungua, na mtoto akija mbio mbio atazaliwa hapo hapo.

Usiku ule nilicheka peke yangu, nikakumbuka maandalizi ya mwanangu wa kwanza, Tanga, mwaka 2016.

Nesi wa kliniki hakuuliza kitanda changu kina urefu gani. Aliuliza nauli ipo au haipo, nani atanisindikiza, na ni watu gani wawili watanichangia damu ikibidi. Maswali ya maana kabisa, na mpaka leo namheshimu. Kisha akanitajia vitu: mpira wa kuzalia, glovu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, beseni, ndoo, sabuni, chupa ya chai, na doti tatu za kanga. Kanga alizisimamia mama mwenyewe. Ziwe zimefuliwa mara nyingi, kwa maana kanga mpya ina wanga, hainyonyi maji. Na alizikagua maneno moja moja. Ile niliyoipenda ilikuwa na fumbo la kumsuta jirani, akaitupa pembeni: mtoto hapokelewi na matusi.

Nguo za mtoto je? Hakuna hata soksi. Mama alikataa katakata. Mimba si mtoto, alisema, ukimshonea kabla hajafika unamtabiria mabaya. Salma wangu alikaa siku yake ya kwanza duniani ndani ya kanga, mpaka shangazi alipotoka mbio kwenda Ngamiani kumnunulia fulana.

Sasa niseme lile linalonikera, maana ndilo lililonifanya niandike. Sera ya nchi yetu inasema huduma kwa mama mjamzito ni bure. Niliingia leba na kila kitu kwenye orodha, nikiwa najiona mwanafunzi bora. Kitanda cha pembeni yangu aliletwa mama kutoka kijijini, uchungu umemkuta njiani, hana hata kipande cha kanga. Nesi akachukua glovu zangu akamzalisha. Alifanya sawa, nami ningefanya hivyo hivyo. Lakini zamu yangu ilipofika, nesi mwingine akaniuliza, tena kwa ukali, glovu ziko wapi. Nikamweleza. Akanijibu, “Sasa wewe mama umekuja kuzaa hujajiandaa?”

Saa nane usiku baba Salma akatumwa duka la dawa lililo mkabala na geti kununua glovu. Nilijifungua salama, nikalazwa wodi ya wazazi, wawili kitanda kimoja, mimi na yule yule mama wa kijijini, tumelala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu. Tukawa marafiki. Lakini lile neno “hujajiandaa” sijalisahau. Upungufu ni wa stoo, ila anayesomewa mashtaka ni mwenye tumbo. Kujiandaa kwetu kumekuwa ni kuziba pengo ambalo si lako, na usipoliziba unaaibishwa mbele za watu wakati huna hata nguvu ya kujibu. Pesa ya glovu si kubwa. Kauli ile ndiyo kubwa.

Najua wenzangu wa ughaibuni wakisoma mpaka hapa watanishangilia, kisha waongeze za kwao, kwamba Bongo ni machinjioni. Sikubaliani nao. Wengi wanasimulia Tanzania waliyoiacha miaka ile. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ulikuta 81. Vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Siku hizi mzazi akizidiwa kijijini inapigwa 115 bure, na dereva wa kawaida wa hapo jirani anaweza kutumwa kumkimbiza, analipwa na mfumo. Hayo Tanga hayakuwepo wakati wangu.

Na huku nako kuna mambo. Nilipomwambia mkunga nataka kuzalia hospitali, aliniuliza kwa upole, kwa nini? Nilikosa jibu. Mimi ni mtoto wa mabango ya “jifungulie kituo cha afya”. Bibi yangu alizalia wote tisa nyumbani, akazika wawili, kwa hiyo kuzalia nyumbani kwangu mimi hakujawahi kuwa jambo la mishumaa na muziki laini. Hapa yapata mwanamke mmoja kati ya saba anazalia nyumbani kwa hiari yake, na ukichagua hospitali bila sababu ya kitabibu unachangia mamia ya euro kutoka mfukoni. Yaani wa nyumbani bure, wa hospitali analipa! Nilimsimulia mama kwa simu, akadhani nimetapeliwa.

Ila nilipokaa nikauangalia vizuri mfumo wao niliuelewa. Mkunga anayekuja nyumbani amesoma miaka minne, ana vifaa garini, na hospitali haiko mbali. Kwao kuzalia nyumbani ni hospitali iliyonyoosha mkono hadi chumbani kwako. Asije mtu akakaa Amsterdam miaka mitatu halafu akarudi kumhubiria dada yake wa Handeni azalie nyumbani kwa sababu wazungu wanafanya hivyo.

Nililipa, nikaenda hospitali. Saa sita usiku nikajifungua mtoto wa kiume, saa kumi na moja alfajiri niko juu ya magogo yangu, nimeletewa biskuti kavu mbili zimepakwa siagi na kunyunyiziwa vipunje vya sukari vyenye anisi, vyeupe na vya buluu kwa kuwa ni mvulana. Ndiyo sherehe yao. Nilitamani uji wa pilipili manga mpaka machozi yakanitoka.

Saa mbili asubuhi kengele ikalia. Mama wa kraamzorg. Huyu ndiye ambaye magogo yalimsubiri, na huyu ndiye kitu pekee ningekibeba kutoka Uholanzi nikipewa ruhusa ya begi moja. Ni mhudumu wa uzazi anayekuja nyumbani kwako siku nane, kwa kawaida jumla yake saa 49 zikigawanywa, bima inalipa na wewe unachangia euro tano na kitu kwa saa. Unamwandikisha tangu mimba changa. Alinipima joto, akatazama nyuzi, akanielekeza namna ya kumshika mtoto kwenye ziwa, akamwogesha, akasugua choo, akamchemshia mgeni chai, akacheza na Salma. Kitanda cha mtoto alikipasha kwa chupa ya bati yenye maji ya moto. Tanga chupa ya moto ilikuwa yangu, hapa ni ya mtoto. Kila kitu akakiandika kwenye daftari lake. Siku ya tatu nilipoanza kulia bila sababu alifunga mlango, akawaambia wageni waje wiki ijayo.

Mama, ambaye viza yake haikutoka, alikuwa anafuatilia yote kwenye simu. Swali lake lilikuwa moja. “Amekukanda?” Hajanikanda, mama. Maji ya moto hawakandi huku. “Sasa huyo anafanya nini?”

Siku ya nane akakusanya vitu vyake, akanikumbatia, akaenda kwa mzazi mwingine. Baba watoto alikuwa amebakiwa na wiki tano za likizo anazoruhusiwa kwa asilimia 70 ya malipo, nashukuru, maana Tanzania sheria ya kazi ya 2004 inataja siku zisizopungua tatu. Lakini siku ya tisa ilikuwa ndefu. Kwetu siku ya tisa mzazi bado hajagusa sufuria; hadi arobaini anakandwa, anakunywa supu, mtoto anarushwa mapaja kwa mapaja. Hapo Tanga imewashinda Waholanzi, mbali sana.

Nilitaka kumaliza kwa kujisifia hivyo, nikamkumbuka rafiki yangu aliyepanga Mbagala, kwao Kigoma. Alitoka wodini na kichanga, mume yuko safarini, akakuta ndoo tupu na foleni ya bombani. Arobaini yake aliikaa peke yake. Arobaini zetu zinategemea kuwa na mama karibu, na mama zetu wengi hatuishi nao tena. Waholanzi nao waliwahi kuwa na mama na shangazi wa kuwalea wazazi, kisha wakakubali kulipia. Sisi tumebaki katikati, hatulipii na hatuna.

Mdogo wangu anatarajia mwezi ujao, hapo hapo Tanga. Jana nimempigia kujua amefikia wapi. Nauli ipo, wachangia damu wapo, kanga mama ameshazikagua maneno. Nguo za mtoto bado, na hakuna anayethubutu kuzitaja. Nikamuuliza glovu.

“Nimenunua boksi zima, dada,” akasema. “Zikibaki nawaachia hapo hapo leba.”